Pasi, cheti au ngozi: nini hasa kinapanga mshahara wa mwalimu wa Kiingereza ughaibuni?

#1 Kalamu_ya_Chaki
Wakuu, salaam.

Naweka hoja mezani, mnipinge kwa mikataba na kwa sheria. Nasema soko la walimu wa kigeni wa Kiingereza, hasa Asia, halilipi ufundi wa kufundisha. Linalipa pasi ya kusafiria. Shahada ni ya kukuvusha mlangoni, na kile cheti cha kufundisha Kiingereza cha saa 120 ni karatasi ya kujazia faili la viza.

Tazameni Korea Kusini. Viza ya E-2, ambayo ndiyo ya walimu wa lugha, kwa Kiingereza inatolewa kwa raia wa nchi 7: Marekani, Uingereza, Kanada, Australia, Nyuzilandi, Ayalandi na Afrika Kusini. Ukiwa na pasi mojawapo na shahada ya fani yoyote, iwe ya uhasibu au ya kilimo cha maua, unaajirika. Ukiwa na uzamili wa isimu ya Kiingereza na pasi ya nje ya orodha, faili lako halifunguliwi. China ina orodha inayofanana na hiyo.

Maswali yangu ni mawili. Kwa nini serikali zikachora mstari hapo? Na ule mshahara wa kwenye tangazo, mtu anabaki na kiasi gani mkononi?

#2 Bandari_Mbali
Kalamu, umeunganisha vitu viwili. Pasi inaamua nani aingie. Aliyekwisha kuingia analipwa kwa ngazi nyingine kabisa. Mpango wa serikali ya Korea wa kupeleka walimu shule za umma, EPIK, ulioanza 1995, una madaraja ya mshahara, na kinachokupandisha daraja ni uzoefu, leseni ya ualimu, cheti cha kufundisha na uzamili. Wawili wenye pasi ileile wanapishana mshahara kwa karatasi hizo.

Pia orodha ya nchi 7 ina milango ya pembeni. Chini ya mkataba wa biashara wa Korea na India ulioanza kutumika 2010, Mhindi mwenye shahada na leseni ya ualimu wa Kiingereza anaweza kupata E-2 kama mwalimu msaidizi. Na mwenye viza ya ndoa au ya ukaazi wa kudumu, zile za herufi F, haulizwi uraia wake anapotafuta kazi hii. Uraia ni sharti la E-2, halimfungi kila mwalimu aliye nchini.

#3 Sarufi_Tamu
Bandari amesahihisha vizuri, lakini hajajibu kwa nini mstari uko pale. Jibu langu ni wazazi. Hagwon, yaani vituo binafsi vya masomo ya baada ya shule, vinaishi kwa ada. Mzazi anayelipia hawezi kupima ubora wa somo la Kiingereza, kwa sababu mwenyewe hakijui vizuri, kwa hiyo anapima anachokiona: sura na lafudhi. Ndiyo maana matangazo mengi yanadai picha pamoja na wasifu. Hata ndani ya nchi 7, Mmarekani mweusi na Mwafrika Kusini mweusi wanajibiwa barua chache kuliko mwenzao mweupe mwenye vyeti vilevile. Pasi ni moja na majibu ni tofauti. Hapo hoja ya pasi ya Kalamu inapwaya, maana kinachouzwa ni picha ya ukutani kwenye mapokezi ya kituo.

#4 Mpima_Mikataba
Sarufi, hilo la picha halina ubishi. Mimi nachukua swali la pili la Kalamu, kwa sababu watu wengi wanasaini bila kupiga hesabu.

Chukua hagwon ya Korea: won milioni 2.4 kwa mwezi, nyumba ya bure, mkataba wa miezi 12. Kwa mwaka ni milioni 28.8. Ongeza kiinua mgongo: sheria inataka mwezi mmoja wa mshahara kwa kila mwaka uliotimia, ukikokotolewa kwa wastani wa miezi 3 ya mwisho, na kulipwa ndani ya siku 14 baada ya kuondoka. Hiyo ni milioni 2.4 nyingine.

Halafu pensheni ya taifa. Kwa mwaka 2026 mchango ni asilimia 9.5, nusu yako na nusu ya mwajiri, yaani 4.75 kila upande. Kwa milioni 2.4 unakatwa won 114,000 kwa mwezi na mwajiri anaweka kiasi hichohicho. Kwa mwaka, pande zote mbili, ni won 2,736,000.

Hapa sasa. Mmarekani, Mkanada na Mwaustralia wanarudishiwa fedha hiyo yote wakiondoka, pamoja na sehemu ya mwajiri. Mwafrika Kusini hakatwi kabisa. Mwingereza anakatwa na harudishiwi. Dawati ni moja, vipindi ni vilevile, ila kati ya Mmarekani na Mwingereza kuna tofauti ya won 2,736,000 kwa mwaka, zaidi ya mshahara wa mwezi mzima. Kwa hiyo Kalamu ana haki kusema pasi inalipa, ila njia inayopita siyo aliyoitaja. Ni mikataba ya hifadhi ya jamii kati ya serikali, wala shule haihusiki.

#5 Kalamu_ya_Chaki
Mpima, hiyo sikuwa nayo. Asante. Nitaitumia dhidi ya Bandari.

#6 Mpima_Mikataba
Subiri, sijamaliza, kuna mitego.

Mkataba wa miezi 11. Kiinua mgongo kinamhusu aliyetimiza mwaka kwa wastani wa saa 15 au zaidi kwa wiki. Mkataba wa miezi 11 umeandikwa ili usifike huko. Usisaini.

Kukatwa asilimia 3.3. Ukiona kwenye hati ya mshahara umekatwa 3.3 tu, bila pensheni wala bima ya afya, mwajiri amekuandikisha kama mfanyabiashara binafsi. Mwanzoni unaonekana umepata zaidi. Ukweli ni kwamba umepoteza nusu ya bima, nusu ya pensheni, na siku ya mwisho atakwambia hukuwa mwajiriwa, hivyo hakuna kiinua mgongo. Ofisi za kazi zinaangalia uhalisia: nani anapanga ratiba yako, unafanyia kazi wapi, kwa vifaa vya nani. Kwa hiyo tunza ratiba, ujumbe wa meneja na hati za benki tangu mwezi wa kwanza.

Saa 30 za kufundisha. Wengi wanasoma "saa 30" wakidhani ni vipindi 30. Kama vipindi vya kituo ni dakika 40 na mkataba unahesabu dakika halisi, saa 30 ni vipindi 45 kwa wiki, yaani 9 kwa siku. Mkataba uandike idadi ya vipindi, urefu wa kipindi, na saa za kukaa kituoni. Bila hayo matatu, malipo ya ziada hayana pa kuanzia.

#7 Nyota_ya_Kusi
Hesabu ya Mpima inanipa nafasi ya kuleta maelezo tofauti na ya Sarufi. Tatizo la mshahara huu ni kwamba umesimama. Mwaka 2009 kima cha chini Korea kilikuwa won 4,000 kwa saa. Kwa saa 209 za mwezi, ambazo ndizo kipimo rasmi cha wiki ya saa 40, ni won 836,000. Mwalimu wa milioni 2.1 alikuwa na mara mbili na nusu ya kima hicho. Mwaka 2026 kima ni won 10,320, yaani 2,156,880 kwa mwezi. Tangazo la milioni 2.1 kwa wiki ya saa 40 leo liko chini ya sheria, na matangazo ya namna hiyo bado yanazunguka.

Kwa nini yamesimama? Kwa sababu kila mwaka kuna wahitimu wapya wa miaka 22 na 23 wanaotaka mwaka mmoja nje, wana mikopo ya chuo, na nyumba ya bure inawatosha. Anayeondoka nafasi yake inajazwa na mwingine kwa bei ileile. Shule haina sababu ya kulipia uzoefu. Suala la wazazi na sura lipo, lakini mshahara umeshikwa na wingi wa watu wanaokubali.

#8 Sarufi_Tamu
Nyota, kama ni wingi tu, orodha ya nchi 7 ingefutwa kesho asubuhi, maana ukiifuta wingi unaongezeka na mshahara unashuka zaidi. Mwenye kituo angeshangilia. Mbona vituo havishinikizi iondolewe? Kwa sababu bidhaa wanayouza ni uzawa wa lugha, yaani mwalimu aliyekua na Kiingereza tangu utotoni. Turudi kwa wazazi.

#9 Kidole_Juu
Wakuu habari. Naomba kuuliza kuhusu nyaraka. Nimesoma Korea wanapima virusi vya Ukimwi kwa walimu wa kigeni, na China wanataka shahada igongwe muhuri wa ubalozi. Japani nako JET, mpango wa serikali wa walimu wasaidizi, inalipa yeni milioni 3.36 kwa mwaka. Ni sahihi?

#10 Mama_Darasa
Kidole, yote matatu yalikuwa kweli, na yote yamepitwa.

Kipimo cha Ukimwi: kamati ya Umoja wa Mataifa ya kupinga ubaguzi wa rangi iliamua 2015, katika shauri la mwalimu kutoka Nyuzilandi, kwamba sharti lile ni la kibaguzi, maana walimu Wakorea hawakupimwa. Korea ililiondoa 2017. Uchunguzi wa afya baada ya kufika bado upo, na dawa za kulevya na kifua kikuu vinaangaliwa.

China: mkataba wa apostile, yaani muhuri mmoja wa serikali unaothibitisha hati kwa matumizi ya nje, ulianza kutumika huko tarehe 7 Novemba 2023. Nyaraka kutoka nchi mwanachama inahitaji apostile tu, haipiti tena ubalozini. Kama nchi iliyotoa shahada si mwanachama, mlolongo wa zamani unabaki: mwanasheria, wizara ya mambo ya nje, ubalozi. Kanada iliingia Januari 2024, kwa hiyo maelekezo ya zamani kwa Wakanada mengi ni batili.

JET: kuanzia Aprili 2025 mwaka wa kwanza ni yeni milioni 4.02, wa pili 4.14, wa tatu 4.26, wa nne na wa tano 4.32. Baada ya mitano unatoka.

Sasa makosa yanayoangusha faili. La kwanza ni apostile ya ofisi isiyo sahihi. Kwa Mmarekani, shahada inapigwa apostile na jimbo lililothibitisha nakala yake, lakini ripoti ya FBI ya rekodi ya uhalifu ni hati ya shirikisho, hivyo inapigwa na Wizara ya Mambo ya Nje ya huko. Ukiipeleka jimboni inarudi na wiki zako zimekwenda. La pili ni mpangilio: cheti cha polisi kwa E-2 kisizidi miezi 6, shahada haiozi. Anza na shahada, malizia na cheti cha polisi. La tatu ni jina. Jina la kati likiwa kwenye pasi na halipo kwenye shahada, andaa hati ya kiapo mapema. Na usitume shahada halisi kwa wakala. Nakala iliyothibitishwa ndiyo inayopigwa apostile kwa E-2.

#11 Kidole_Juu
Nashukuru sana Mama. Na hatua za China baada ya kupata kazi?

#12 Bin_Vitabu
Hilo niachieni.

Mwajiri anaomba mtandaoni taarifa ya kibali cha kazi. Ikitoka, unaichukua ubalozini kuombea viza ya Z, yaani ya kazi. Unaingia nchini, ndani ya saa 24 unaandikishwa polisi mahali unapolala (hoteli inakufanyia, nyumba ya kupanga unakwenda mwenyewe au na mwajiri). Ndani ya siku 15 unaomba kibali chenyewe, na ndani ya siku 30 kibali cha ukaazi. Ukiambiwa "njoo kwanza kwa viza ya utalii au ya biashara, tutabadilisha ukifika", kataa. Sheria ya 2013 inamtoza mgeni anayefanya kazi bila kibali yuan 5,000 hadi 20,000, na kosa likiwa zito anawekwa ndani siku 5 hadi 15. Mwajiri analipa 10,000 kwa kila mtu, ukomo 100,000. Kwa kituo kikubwa hiyo ni gharama ya biashara. Kwako ni kufukuzwa nchini.

Angalia na jina la mwajiri kwenye kibali. Likiwa la kampuni ya wakala na wewe unafundisha shule nyingine, kila siku unayoingia darasani uko nje ya kibali.

Kuhusu kodi, kuna jambo linalowavuruga watu kila mwaka. Chukua yuan 20,000 kwa mwezi, bila kuhesabu bima ya jamii. Msamaha ni 60,000 kwa mwaka, kwa hiyo kinachotozwa ni 180,000, na kodi yake ni 19,080. Lakini inakatwa kwa kulimbikiza: Januari na Februari unakatwa 450, Machi 1,080, kuanzia Aprili hadi Septemba 1,500, Oktoba 2,100, Novemba na Desemba 3,000. Mtu anaona fedha ya mkononi inapungua kila baada ya miezi kadhaa, anadhani mhasibu anamwibia. Mhasibu yuko sahihi.

Na hadi mwisho wa 2027 mgeni anaruhusiwa kuondoa pango la nyumba kwenye mapato yanayotozwa, mradi awe na stakabadhi rasmi, fapiao. Ukilipa nyumba yuan 5,000 kwa mwezi, kinachotozwa kinashuka hadi 120,000 na kodi inakuwa 9,480. Umeokoa 9,600. Wenye nyumba wengi hawapendi kutoa fapiao, kwa hiyo liulize kabla ya kuweka amana.

#13 Bandari_Mbali
Bin Vitabu ukianza makato hatulali leo 😄 Ila hiyo ya 450 mpaka 3,000 iwekwe juu ya uzi, maana inaulizwa kila Novemba.

#14 Bin_Vitabu
Nikuongezee ya Taiwan basi. Huko mwaka wa kodi ni Januari hadi Desemba. Asiyefikisha siku 183 ndani ya mwaka huo anatozwa asilimia 18 kama asiye mkaazi. Anayefika Agosti ana siku 153 tu mpaka mwisho wa mwaka, kwa hiyo miezi yote hiyo ni 18. Anayefika Februari anafikisha 183 na anarudishiwa ziada akiwasilisha hesabu Mei ya mwaka unaofuata. Mkataba mmoja, mshahara mmoja, mwezi wa kufika ndio tofauti.

#15 Mama_Darasa
Na shule za chekechea Taiwan, jamani. Mgeni haruhusiwi kufundisha Kiingereza katika chekechea kwa kibali cha kituo cha masomo, yaani buxiban. Vituo vinasajili buxiban ghorofa ya juu na kumpeleka mwalimu chini kwa watoto asubuhi. Wakaguzi wakija anaambiwa apite mlango wa nyuma. Ukiona ratiba ya saa 3 asubuhi hadi saa 6 mchana kwenye buxiban, uliza wanafunzi hao wana umri gani na kwa nini hawako shule.

#16 Mzigo_wa_Daftari
Nimefuata uzi tangu juu. Mnajadili pasi 7 kana kwamba nyingine hazina njia. Zinazo, ila kila nchi ina kizuizi chake.

Japani haina orodha ya uraia kwa viza zake za kazi. Inataka shahada, na kwa asiyetoka nchi ya Kiingereza, uthibitisho wa miaka 12 ya masomo yaliyofundishwa kwa Kiingereza. Barua za shule za msingi na sekondari, zenye mhuri na kauli wazi kuwa lugha ya kufundishia ilikuwa Kiingereza, ndizo zinazobeba faili. Tatizo la Japani ni kampuni zinazokodisha walimu kwa shule za umma. Mikataba yao ilizoea saa 29.5 kwa wiki ili zikwepe bima ya jamii, na miezi ya likizo mshahara unakatwa kwa siku. Tangu Oktoba 2024 mfanyakazi wa saa 20 kwa wiki katika kampuni yenye zaidi ya wafanyakazi 50 anapaswa kuandikishwa, mshahara wake ukiwa juu ya kiwango, kwa hiyo ile 29.5 haina kinga tena. Ukiondoka, dai la kurudishiwa pensheni lipelekwe ndani ya miaka 2. Wanakata kodi ya asilimia 20.42, na ukiwa umeteua mwakilishi wa kodi kabla ya kuondoka, unaweza kuidai nayo.

Vietnam inataka shahada, cheti cha kufundisha na kibali cha kazi. Asiye na kibali anatozwa dong milioni 15 hadi 25 na kuondoshwa.

Thailand inaajiri Wafilipino wengi sana. Shule nyingi zinawadai alama 600 za TOEIC, mtihani wa Kiingereza, sharti ambalo Mwingereza hadaiwi, kisha zinawalipa pungufu kwa vipindi vilevile. Baraza la walimu, Khurusapha, halina bei mbili. Ada ni moja, masharti ya leseni ni mamoja. Bei mbili zinatoka kwa mkuu wa shule.

#17 Kalamu_ya_Chaki
Mzigo, Thailand inanipa hoja yangu mkononi: kazi moja, leseni moja, mishahara miwili kwa pasi mbili.

#18 Nyota_ya_Kusi
Inakupa nusu yake. Mfilipino anajilinganisha na mshahara wa mwalimu kwao, Mwingereza anajilinganisha na wa kwao, na shule inalipa kila mmoja kiasi cha kumfanya asiondoke. Hayo ni yale maelezo yangu ya #7. Huhitaji kuleta uzawa wa lugha kuyaeleza.

#19 Sarufi_Tamu
Na Mwafrika Kusini mweusi mwenye pasi ya orodha je? Naye analinganisha nini? Nyota, hujanijibu #3.

#20 Mchora_Ramani
Kuna maelezo ya tatu hamjayagusa: afisa wa uhamiaji. Afisa hawezi kupima Kiingereza cha kila mwombaji, na mitihani inaghushiwa. Orodha ya nchi inapimwa kwa kuangalia jalada la pasi. China imeandika kanuni yake wazi: mwalimu wa lugha kimsingi afundishe lugha ya mama yake, awe na shahada, na miaka 2 ya uzoefu au cheti kinachokubalika. Kwa kanuni hiyohiyo Mfaransa anafundisha Kifaransa. Ni kipimo kibovu, ila kinatekelezeka kwa dakika 2 dirishani, na serikali hupenda kipimo cha namna hiyo.

Kwa asiye na pasi ya orodha, njia halali China ni kufundisha somo. Hisabati, fizikia au historia kwa Kiingereza, ukiwa na shahada ya somo hilo, haikuhesabu kama mwalimu wa lugha.

#21 Mama_Darasa
Naunga mkono #20 kwenye njia ya somo. Na hapo ndipo fedha zilipo. Shule za kimataifa zenye mitaala kamili zinalipa kwa leseni ya ualimu na miaka 2 baada yake. Mshahara unazidi wa vituo vya lugha kwa mbali, na ada ya watoto wako mara nyingi iko ndani.

Tangu Februari 2023 Uingereza inapokea maombi ya hadhi yake ya ualimu, QTS, kutoka kwa walimu waliosajiliwa Ghana, Hong Kong, India, Jamaika, Naijeria, Singapoo, Afrika Kusini, Ukraini na Zimbabwe. Anayekidhi vigezo haanzi mafunzo upya. Mwenye QTS anaingia kwenye meza nyingine kabisa ya majadiliano ya mshahara. Nashangaa watu wanatumia fedha kununua cheti cha tatu cha saa 120 mtandaoni na hawaigusi njia hii.

#22 Mpima_Mikataba
Kuhusu cheti hicho, tusikivunje moja kwa moja. Saa 120 zipo za aina mbili. CELTA ya Cambridge na CertTESOL ya Trinity zina saa 6 za kufundisha wanafunzi halisi huku msimamizi akikutazama na kukupa alama. Cheti cha kawaida cha mtandaoni hakina hata dakika moja ya hivyo. Kwa afisa wa viza vyote vinaweza kupita. Kwa chuo kikuu cha Ghuba au British Council, kile cha pili hakisomwi. Kabla hujalipa, uliza swali moja: saa ngapi za darasani zinazotazamwa?

#23 Bandari_Mbali
Umetaja Ghuba, ngoja niweke hesabu yake, kwa sababu kule tangazo linasema "bila kodi" na watu wanafumba macho.

Falme za Kiarabu: kiinua mgongo ni siku 21 za mshahara wa msingi kwa kila mwaka katika miaka 5 ya kwanza, kisha siku 30. Neno linaloua ni "wa msingi". Dirham 12,000 zilizogawanywa 6,000 msingi na 6,000 posho zinakupa 4,200 kwa mwaka. Zikiwa zote msingi ni 8,400. Pigania mgawanyo kabla ya kupigania jumla.

Saudia: nusu mwezi kwa kila mwaka katika miaka 5 ya kwanza, mwezi mzima baada ya hapo. Ukijiuzulu kabla ya miaka 2 hupati kitu, kati ya 2 na 5 unapata theluthi, 5 hadi 10 theluthi mbili. Mkataba ukiisha wenyewe unapata chote, kwa hiyo usiandike barua ya kujiuzulu ikiwa imebaki miezi 3 mkataba uishe. Subiri.

#24 Mzigo_wa_Daftari
Tukitoka Asia kidogo, Ulaya pasi inafanya kazi kinyume. Tangu kipindi cha mpito cha Uingereza kuondoka Umoja wa Ulaya kilipokwisha, 31 Desemba 2020, kituo cha lugha cha Madrid au Milano kinachomtaka Mwingereza mpya kinahangaika na kibali, wakati Mwayalandi anaanza kazi Jumatatu. Wote wazawa wa lugha. Na Tume ya Ulaya ilisema tangu 2002 kwamba tangazo linalodai "lugha ya mama" halikubaliki; dai ujuzi wa kiwango cha juu. Matangazo hayo bado yapo.

#25 Sarufi_Tamu
Na shirika la walimu, TESOL, lilitoa tamko la kupinga ubaguzi huu 2006. Tamko halina meno, lakini mwombaji anayeandikiwa "wazawa tu" Ulaya anaweza kurudisha barua yenye nukuu ya Tume. Afanye hivyo.

#26 Kalamu_ya_Chaki
Basi naibadili hoja: pasi inalipa kwa njia tatu tofauti, ya kuingia, ya makato, na ya haki ya kufanya kazi. Bado siamini kwamba ufundi unalipwa.

#27 Bandari_Mbali
#21, #22 na madaraja ya EPIK. Soma tena.

#28 Kidole_Juu
Samahani nawarudisha nyuma. Hagwon ikikataa kunipa barua ya kuniachia ili nihamie kituo kingine, E-2 yangu inakuwaje?

#29 Mpima_Mikataba
E-2 imefungwa kwa mwajiri aliyekudhamini. Kuhama katikati ya mkataba kunahitaji ridhaa yake. Bila barua, chaguo ni kumaliza mkataba, au kuondoka na kuomba upya. Isipokuwa kama hujalipwa au mkataba umevunjwa na yeye: hapo fungua kwanza malalamiko ofisi ya kazi, pata namba ya shauri, ndipo uende uhamiaji na namba hiyo mkononi. Ukianza na uhamiaji, mwajiri anawahi kuripoti kwamba umetoroka kazi.

#30 Nyota_ya_Kusi
Na kabla ya kusaini, omba mawasiliano ya mwalimu anayeondoka, yule unayechukua nafasi yake. Wakikupa ya mwalimu mwingine, omba tena ya huyo huyo. Sarufi, la #19 nalijibu kesho, nina takwimu za kutafuta.

#31 Sarufi_Tamu
Nakusubiri hapa hapa.